Vipimo vya Saa Saba

Mzee Mizani hakupendwa kazini, mwenyewe alilijua hilo, na wala halikumkosesha usingizi. Miaka thelathini na moja alikaa ndani ya kibanda cha vioo pembeni ya mizani ya malori, kalamu sikioni, akiandika uzito wa kila gari lililoingia kiwandani na kila lililotoka. Madereva walimbembeleza, wakamtania, wakamnunia, lakini namba iliyotoka kwenye mizani ndiyo hiyo hiyo iliyoingia daftarini. Kila asubuhi, kabla lori la kwanza halijapanda, alihakikisha kwamba mizani tupu inasoma sifuri. Isiposoma sifuri, hakuna kazi. Mwaka mmoja lori la kokoto lilirudi nyuma vibaya likagusa nguzo ya mizani, kugusa tu, hata rangi haikubanduka, na mzee akaifunga mizani siku nne nzima mpaka mkaguzi alipokuja na vyuma vyake vya kupimia. Foleni ya malori ikafika barabara kuu. Meneja alikuja juu, akafoka hadi sauti ikamkauka. Mzee akamngoja amalize, kisha akamwambia, "Bosi, hata hizo kelele zako leo siwezi kuandika zina kilo ngapi, maana mizani imegongwa."

Nakueleza haya mapema ili ujue tunamzungumzia mtu wa namna gani. Mtu kama huyo kuja kuandika uongo kila siku iendayo kwa Mungu, tena akimwandikia mwanawe wa kumzaa, si jambo dogo. Lakini aliandika, na wala hakulazimishwa na mtu.

Alipostaafu, mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki miaka miwili nyuma. Nyumbani walibaki yeye na kitinda mimba wake, kijana wa miaka ishirini na tisa, fundi wa mitambo ya simu. Bintiye mkubwa alikuwa na mji wake, na kibanda chake cha cherehani kilikuwa mitaa miwili kutoka pale. Kitinda mimba alikuwa mpole, wa maneno ya kuhesabika, na mapenzi yake yote alikuwa ameyamimina kwenye tangi la kioo lililochukua ukuta mzima wa sebule. Usidhani ni lile bakuli la samaki wawili wekundu unaloliona kwa kinyozi. Hili lilikuwa la maji ya chumvi. Ndani yake mlikuwa na miamba, na juu ya miamba matumbawe hai ya zambarau na ya kijani, yanayofunguka asubuhi taa zikiwashwa na kujikunja zikizimwa, na kati yake wakipita samaki kumi na mmoja. Kabati la vyombo la marehemu lilihamishiwa koridoni kulipisha tangi. Mzee alinuna wiki nzima.

"Samaki wamejaa sebuleni na sisi tunakula maharage," aliwaambia majirani. "Nyumba hii wenye raha ni wasiolipa kodi."

Kisha kijana akapata kazi ng'ambo. Tangi haliingii kwenye sanduku, kwa hiyo majuma mawili ya mwisho alikaa na babake akimfundisha. Akamwambia maji hupungua kila siku kwa kukauka, lakini kinachokauka ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo ukijazia, jazia maji matupu yaliyochujwa. Chakula wape kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili, kinachobaki kinaoza. Kioo kisuguliwe kila baada ya siku mbili. Joto liwe nyuzi ishirini na tano. Na chumvi, hapo kijana aliinua kidole, chumvi iwe thelathini na tano, isipande, isishuke. Akamkabidhi kipimo chake, kijibomba cha kuchungulia mfano wa darubini ndogo. Unadondosha tone la maji kwenye kioo chake, unafunika, unakielekeza dirishani, unachungulia kwa jicho moja, na pale rangi ya bluu inapokutana na nyeupe ndipo palipo namba yako.

Mzee alichungulia. Akaona mstari, akaona namba. Kitu kama mshale wa mizani kikamgusa moyoni, na kwa mara ya kwanza lile tangi likamwingia akilini.

"Utanitumia vipimo kila siku saa saba mchana, baba," kijana alisema. "Ndio muda wangu wa mapumziko."

"Kila siku?"

"Kila siku. Tangi hili ndilo litakalonirudisha. Likifa hili, sina cha kunirudisha huku."

Alisema akicheka, akimtania. Mzee hakucheka. Maneno yale aliyaandika kichwani kama alivyoandika kila kitu, neno kwa neno.

Mwaka wa kwanza, nikwambie ukweli, ulikuwa mwaka mzuri kuliko miaka yote ya uzee wake. Saa saba kamili mzee anatuma namba, na saa saba na dakika tano simu inaita. Anaiegemeza kwenye kikombe juu ya stuli ili mwanawe aone tangi lote. Walianza na chumvi na joto, wakaja kwa samaki. Kulikuwa na jike mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari meupe, mzee alimbatiza Mama Mkubwa, kwa kuwa alimnyanyasa mume wake mdogo, ambaye wao walimwita Shemeji, asubuhi na jioni.

"Leo kamfukuza tena chumbani," mzee anaripoti.

"Kafanya nini Shemeji?"

"Kala kabla yake. Mimi nimemwambia, vumilia tu mwanangu, hata mimi nilivumilia."

Kijana anacheka mpaka anakohoa. Halafu, kwa kuwa wameshacheka, wanajikuta wakisema mengine. Baba na mwana hawa waliishi chini ya paa moja miaka ishirini na tisa, na mazungumzo yao marefu yalikuwa "umekula?" na "nimekula". Sasa kijana, akiwa mbali huko, akimtazama samaki badala ya kumtazama babake, ndipo akasema viatu vya kazini vinambana, ofisini wanamwita kwa jina wasiloweza kulitamka, anamkumbuka mama akisikia harufu ya sabuni fulani. Mzee naye akamweleza jinsi alivyoogopa siku ya msiba kwamba angeshindwa kusimama. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote hilo. Alimwambia mwanawe, na Mama Mkubwa akiwa katikati yao anapepea mapezi.

Mwaka wa pili simu ikawa ya Jumapili. Mwaka wa tatu Jumapili nazo zikaanza kurukwa, kikabaki kitu kimoja tu. Saa saba mzee anatuma vipimo, na baada ya dakika chache jibu linakuja na kidole gumba kimeinuliwa: "Safi sana baba."

"Yaani ndio hilo tu?" bintiye alimuuliza siku moja alipokuja kumletea shati alilomshonea. "Hata hujambo hakuna?"

"Ana kazi nyingi."

"Sisi wengine tunacheza bao? Baba, tangu mwaka huu uanze, yule mdogo wangu amekuuliza presha yako mara ngapi?"

"Presha yangu haimo kwenye vipimo."

Bintiye akamtazama, akatikisa kichwa, akaondoka na sindano zake zimechomekwa kifuani. Mzee alidhani ni wivu wa dada kwa mdogo wake, jambo la kawaida. Kwake yeye "safi sana baba" ilitosha. Yalikuwa maneno matatu, lakini yalikuja kila siku, na kitu kinachokuja kila siku hakijafa. Ndivyo alivyojipa moyo.

Mwaka wa nne, siku ya Jumatano, saa saba kasoro dakika kumi, kipimo kilimponyoka. Vidole vilikuwa na maji. Kikagonga kigae, kikaruka, kikaviringika hadi chini ya kochi. Mzee alipiga magoti akakitoa, akakifuta kwa shati, akadondosha tone, akakielekeza dirishani. Mstari upo. Namba ipo. Thelathini na tatu.

Jana yake ilikuwa thelathini na tano.

Hapa ndipo ninapomkasirikia. Mtu aliyefunga mizani ya malori siku nne kwa sababu nguzo imeguswa hakufunga kijibomba hiki hata dakika nne. Na alijua! Alisimama pale sebuleni akijua anachotakiwa kufanya. Lakini kumwambia mwanawe kwamba kimeanguka kulimaanisha kusikia "baba, uwe makini", na kusikia kwamba sasa amezeeka, mikono inatetemeka, labda tangi apewe mtu mwingine. Saa saba ilikuwa imekaribia. Akaamua kwamba chumvi imeshuka. Akachanganya maji ya chumvi kwenye ndoo, akajazia hayo badala ya maji matupu, akangoja, akapima tena, akaona thelathini na tano, akatuma.

"Safi sana baba."

Ndani ya kijibomba skrubu ndogo ilikuwa imelegea kwa ule mwanguko, na ikaendelea kulegea. Kila wiki kipimo kilisoma chini kidogo kuliko ukweli, na kila wiki mzee, mtiifu kwa namba, alijazia maji ya chumvi mpaka namba irudi mahali pake. Aliandika thelathini na tano kwa sababu aliona thelathini na tano. Mpaka hapo alikuwa hajadanganya hata mara moja.

Tumbawe la zambarau ndilo lililotangulia kugoma. Likakaa limejikunja mchana kutwa na taa zinawaka. Siku ya tatu mzee akaongeza mstari chini ya vipimo: "La zambarau halijafunguka siku tatu." Jibu likaja, safi sana baba, na kidole gumba. Mzee akashusha pumzi. Kama mwenyewe mwenye tangi hajashtuka, basi si la kushtua. Wiki iliyofuata ncha zake zikawa nyeupe, kisha nyama ikaanza kubanduka kwenye mfupa, vipande vikielea. Akaandika tena, "La zambarau linachunika." Safi sana baba.

Kufa kwenyewe kulichukua siku tatu. Matumbawe yalikufa, yakaoza, na uozo wao ukawamaliza samaki. Maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele, sebule ikanuka mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kuna nini. Kangaja, yule samaki wa bluu, alikutwa amelala ubavu asubuhi ya kwanza. Shemeji asubuhi ya pili. Mama Mkubwa alibaki peke yake siku nzima akizunguka pale mahali pao, mdomo wazi, akihema kama mtu aliyepanda ngazi, na mzee alikaa kwenye stuli mbele yake hakula, hakuoga. Alipokufa alimtoa kwa mkono, si kwa wavu. Aliwazika wote uani, chini ya ukuta wa bafu, kwenye shimo moja.

Kesho yake mzee alimwita muuza samaki wa mapambo. Alikuwa mama mnene mwenye miwani, asiye na maneno ya kupaka mafuta, na alikuja na kipimo chake mwenyewe. Akapima maji ya tangi. Akapima tena.

"Mzee, wewe umesoma ngapi?"

"Thelathini na tano. Kila siku thelathini na tano, daftari hili hapa."

"Mimi nasoma arobaini na sita. Hii si chumvi ya tangi, hii ni ya kuhifadhia nyama. Hebu kilete hicho chako." Akakigeuza, akakichungulia. "Kilianguka?"

Mzee alilifunga daftari.

"Na huwa unakijaribu na maji matupu? Tone la maji yasiyo na chumvi lazima lisome sifuri. Lisiposoma, unakaza hii skrubu. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa," mzee alisema.

Ilikuwa kweli. Kijana alisahau kumwambia. Lakini yule mama hakujua alikuwa anamwambia nani. Kupima sifuri kabla ya kazi! Angemwamsha mzee huyu usingizini akamuuliza kanuni ya kwanza ya mizani, angeitaja kabla hajafumbua macho. Alimshukuru yule mama, akamsindikiza hadi barabarani kwa adabu zote, akarudi, akafunga mlango, akajipiga kichwani kwa kiganja mara mbili, kwa nguvu. Alijichukia siku ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

Saa saba ikafika. Simu ilikuwa juu ya stuli. Angesema nini? Alimkumbuka mwanawe akicheka mbele ya tangi miaka minne nyuma, likifa hili sina cha kunirudisha huku. Mzee alikaa na simu mkononi hadi saa saba na nusu. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na aliogopa kuchelewa kwenyewe kusije kumfichua. Akaandika: "Chumvi 35. Joto 25.2. Wote wazima."

"Safi sana baba."

Ndivyo ilivyoanza. Akamwaga maji kwa ndoo, akasugua kioo, akazima pampu, na ukimya wa ile sebule ukamtisha, kwani kwa miaka minne hakuwahi kukaa humo bila mnong'ono wa maji. Kila siku saa saba aliketi mbele ya tangi kavu akatunga vipimo. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa namba, alizitunga vizuri. Hakurudia zile zile. Siku ya jua kali aliandika joto 25.9, siku ya mvua 24.8. Akaandika kwamba Mama Mkubwa ametaga. Akaandika kwamba mayai yameanguliwa. Aliongeza hayo akitumaini kwamba habari ya mayai ingemgusa mwanawe moyoni, angepiga simu kuuliza mangapi, na hapo katika kuongea, pengine, mzee angepata nafasi ya kusema ukweli.

Bintiye alipoingia akakuta mzee anaandika mayai, alikaa chini kwenye kigae.

"Baba. Baba yangu mimi. Mayai gani?"

"Wewe usiingilie."

"Wewe ulimkatalia meneja mbele ya watu wote! Sisi tumekua tukiambiwa habari ile shuleni mpaka tukaona aibu. Leo unamdanganya mtoto?"

"Nikimwambia, harudi."

"Kwani amerudi?" bintiye alisema, na papo hapo akatamani aimeze kauli yake. "Baba, mwambie tu. Ni samaki. Atahuzunika, atakulaumu siku mbili, yataisha. Mwambie uone kama hatapiga simu leo leo."

Mzee alisema atafikiri. Alifikiri wiki mbili.

Kilichomsukuma kilikuwa kosa la kidole. Siku moja, macho yakiwa yamechoka, badala ya 35 akaandika 53, na simu ikaenda nayo kabla hajaona. Chumvi hamsini na tatu! Hapo hapo mwana angepiga, angepiga kelele, angeuliza baba kuna nini. Akaishika simu kwa mikono miwili, akijiandaa, na moyoni, nakuapia, alikuwa na furaha. Sasa yangetoka yote.

"Safi sana baba."

Akaitazama. Akajiambia kijana amesoma haraka haraka, mtu akiwa kazini ndivyo, ameona anachokizoea kuona. Kesho yake akaandika kwa makusudi: "Chumvi 0. Joto 81." Joto la kuchemshia mayai ya kuku. Kidole gumba kikaja kimeinuliwa, chenyewe bila maneno.

Mzee alilala mapema siku ile. Asubuhi alioga, akavaa shati aliloshonewa na bintiye, akaketi sebuleni, na saa saba kamili akaandika polepole, akisoma kila neno kabla ya kwenda lingine:

"Mwanangu, samaki wote walikufa mwezi wa pili. Matumbawe pia. Kipimo kiliniponyoka kikaanguka, nikaficha kwa aibu. Vipimo vyote tangu siku hiyo ni vya uongo. Ni kosa langu, si lako. Nisamehe. Nipigie nikueleze."

Aliisoma mara tatu. Akaituma. Alama ikabadilika kuonyesha kwamba imefika, kisha kwamba imefunguliwa. Mzee akasimama, hakuweza kukaa. Dakika nne zikapita.

"Safi sana baba. Endelea hivyo hivyo."

Hakutuma tena. Kesho yake saa saba ilipokaribia aliondoka nyumbani, akatembea mitaa miwili, akaketi kwenye kigoda ndani ya kibanda cha bintiye, kati ya marobota ya vitambaa, na simu akaiacha mfukoni. Kesho kutwa akaja tena. Bintiye alimpa kazi ya kufumua pindo, naye alizifumua kwa uangalifu, uzi kwa uzi. Bintiye aliogopa kuuliza. Mzee alikuwa anahesabu siku na hakumwambia mtu kwamba anahesabu. Siku tatu. Wiki. Kijana atashtuka tu, alijiambia, mtu hawezi kupokea kitu kila siku miaka minne kikakatika asishtuke. Hata muuza maziwa asipopita siku mbili unamuulizia. Siku kumi na moja. Kumi na tano. Simu ilitoa mlio mara moja, ilikuwa kampuni ya simu inatangaza vifurushi.

Siku ya kumi na tisa bintiye alisimamisha cherehani katikati ya mshono.

"Baba, siku hizi hutumi vipimo?"

"Nimeacha."

"Tangu lini?"

"Leo kumi na tisa."

"Na amesemaje?"

Mzee alivuta uzi, akaukata kwa meno. Bintiye aliichukua simu yake mwenyewe juu ya meza ya kukatia, akamwandikia mdogo wake, akaitupa pembeni, akaendelea kushona kwa hasira, mguu ukikanyaga chini kwa nguvu. Haikupita muda jibu likaingia. Akalisoma kimya kimya. Mkono ukamwenda mdomoni.

"Soma," mzee alisema.

"Baba, si kitu, anasema tu..."

"Soma kama kilivyoandikwa."

Bintiye akasoma. Sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa mwanamke anayefokea wateja kutwa nzima. "'Mara ya mwisho umeongea na baba lini?' Hilo ni langu. Yeye anasema: 'Jana tu dada. Kanitumia vipimo vyake saa saba kama kawaida, kila kitu safi. Mzee yuko vizuri, usiwe na wasiwasi.'"

Mzee aliliweka gauni alilokuwa akifumua juu ya magoti, akalinyoosha kwa viganja.

"Kasema jana?"

"Kasema jana, baba."

Bintiye alikuwa ameshaishika simu tena, machozi na matusi yanamgombania, tayari kumwandikia mdogo wake mambo ambayo hayangefutika. Mzee akanyoosha mkono akamzuia, taratibu.

"Usimwandikie kitu," alisema. "Kaa hapa. Ngoja kwanza nilie."

Akalia, mchana kweupe, mlango wa kibanda ukiwa wazi. Mwanamke aliyekuja kuchukua gauni lake akasimama kizingitini, hajui aingie au arudi, na bintiye akamwashiria kwa mkono aje kesho.